Shamba Nililolifagia

Ninaikumbuka asubuhi moja kule Busiu, mwanangu, nilipojibanza nyuma ya migomba nikamsikiliza baba mkwe wangu akimgombeza kuku. Alimgombeza muda mrefu, kwa sauti ya kunifikia mimi. Kuku hakuwa na kosa lolote. Mwenye kosa nilikuwa mimi, na mzee alijua kwamba nipo pale. Ngoja nianzie mbali kidogo ili uelewe.

Nilizaliwa Mpumudde, Jinja. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari, mmoja wa wale Waislamu ambao wazee wao walitoka Sudan pamoja na jeshi. Hata baada ya kustaafu, nyumba yetu iliendelea kuwa kama kambi. Tulizungumza Kiswahili, na kila asubuhi kabla ya chai uwanja ulifagiwa mpaka mistari ya ufagio ionekane, yote imeelekea upande mmoja. Babu alipita akikagua, mikono nyuma. Akiona jani moja, unarudia uwanja wote. Shuleni niliishia darasa la saba. Nilikuwa msichana wa aibu. Mgeni akiingia mlangoni, mimi nilitokea mlango wa jikoni. Lakini kufagia nilikujua, na nilidhani kwamba mtu anayejua kufagia vizuri hawezi kuaibika popote.

Nilipofika miaka kumi na tisa niliolewa na Juma, mwana wa Mzee Mafabi wa Busiu. Juma alikuwa fundi wa magari mjini Mbale. Alikuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu kwa teksi ya kwanza. Mama mkwe sikumkuta. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliacha nyuma ya nyumba shamba ambalo watu walilijua kwa jina lake. Lilikuwa na mibuni, migomba, miringaringa mitatu mikubwa iliyotia kivuli katikati, na mgavu mmoja kwenye mpaka. Miti hiyo aliipanda mwenyewe alipokuwa bibi arusi kama mimi.

Tangu afariki, shamba lilitunzwa na binti yake, wifi yangu Nambozo. Huyo alikuwa ameachika, amerudi kwao na watoto wawili, anakaa kwenye nyumba ndogo upande wa chini, ng'ambo ya kijia. Mimi nilipokuja, Mzee Mafabi alisema shamba la mke wake lishikwe na mke wa mwanawe. Lakini hakusema hivyo tu. Alimwambia Juma mbele ya dada yake, "Mwaka ukipita tutatazama shamba. Likiwa zima, ni la mkeo. Likimshinda, dada yako atalirudia."

Kwa hiyo unaona hali ilivyokuwa. Sikuwa na kipande kingine cha ardhi. Likinishinda, tungekwenda kupanga chumba Mbale, nami ningefika huko nikijulikana kama mwanamke aliyeshindwa na shamba la marehemu. Wifi yangu naye alikuwa na watoto wa kulisha. Hakunichukia. Alikuwa anangoja tu mwaka upite.

Kiangazi kilipofika, miringaringa ilianza kudondosha majani. Majani yake ni mapana, yakikauka yanalia chini ya mguu kama karatasi. Yalifunika shamba zima. Mimi nikaona aibu. Kijia cha kwenda senta, kwenye maduka, kilipita pembeni, na kila mtu aliyepita niliona anatazama yale majani na kusema moyoni kwamba mke mpya ni mvivu. Siku ya kwanza nilifagia ukingo wa kijia tu. Siku ya pili niliingia chini ya mringaringa wa kwanza. Baada ya wiki mbili nilikuwa ninafagia shamba lote, kuanzia mlango wa jikoni hadi karibu na mgavu, mistari yote imeelekea upande mmoja. Majani na magome ya migomba niliyarundika karibu na choo, nikayachoma moto.

Watu walinisifu, mwanangu, nisikufiche. Wanawake waliokwenda senta walisimama. Mmoja akaniambia, "Mke wa Juma, shamba lako mtu anaweza kulala bila mkeka." Nilitazama chini kwa aibu, lakini kesho yake niliamka mapema zaidi.

Nambozo alikuwa na maneno yake. Aliposikia habari za babu yangu aliacha kuniita wifi, akaanza kuniita Afande.

"Afande, gwaride la leo lilikuwa saa ngapi?" aliniuliza akiwa anaosha vyombo mlangoni kwake. "Naona majani yote yamekimbia."

"Limekwisha, wifi."

"Haya. Kesho utafagia na kivuli."

Nilicheka naye.

Sasa, mzee mwenyewe alikuwa akiona haya yote, na hapa ndipo mila inapoingia. Unaijua vizuri, maana ndiyo inayonifanya nikuandikie badala ya kukuita jikoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na hata njia wanapishana kwa mbali. Akija, anakohoa kwanza ili mwanamke ajiondoe. Mimi kwa aibu yangu niliifurahia mila hii. Miezi saba nilikaa nyumbani kwake bila kumwambia zaidi ya salamu, nayo niliitoa nikiwa nimepiga magoti kwa mbali, nikitazama ardhi. Mama mkwe angekuwa hai, angekuwa mdomo wake. Kwa kuwa hayupo, mzee alimtumia Juma.

Jumamosi moja Juma alirudi kutoka kwa baba yake, akakaa kula. Akasema, "Mzee anasema usijichoshe na kufagia kule shambani."

Nilifurahi sana. Nilisikia kwamba mzee ananihurumia, kwamba ameiona bidii yangu. Mtu akikuonea huruma hivyo, wewe unafanya nini? Unaongeza. Jumatatu nilitafuta vijiti vipya nikafunga ufagio mwingine, mgumu zaidi.

Maneno aliyosema mzee hasa niliyajua miaka mingi baadaye, Juma aliponiambia akiwa ameanza kuota mvi. Mzee alisema, "Mwambie mkeo aache. Anaua shamba la mama yako." Juma alinikuta nimemwandalia chakula, nimefurahi, akaona maneno hayo ni mazito. Akayapunguza uzito. Simlaumu sana. Alinipenda, na mimi nilikuwa mtu wa kulia haraka.

Dalili zilikuwepo, lakini mimi sikuzisoma. Nikimwaga maji ya kuoshea vyombo chini ya mbuni, yalitelemka juu ya udongo kama juu ya sakafu, yakatafuta njia. Kuku wetu waliacha kuchakura chini ya miringaringa. Waliamka, wakavuka kijia, wakashinda kwa Nambozo kwenye jalala lake la majani, wakarudi jioni kulala tu. Nilidhani wanapenda watoto wake.

Mwezi wa tatu mvua ya kwanza ikanyesha alfajiri. Ilikuwa mvua nzuri, ya saa moja hivi. Ilipokatika nilitoka na ufagio, nikasimama. Maji hayakuwa yameingia ardhini. Yalikuwa yamekimbia juu, yakachimba mifereji midogo, yakachukua udongo wa juu hadi kijiani na kwenye uwanja wa Nambozo. Mizizi ya mibuni ilikuwa nje. Migomba miwili ilikuwa imelala chini. Nikachutama nikaingiza kidole ardhini. Mwanangu, chini ya ngozi ile ya tope udongo ulikuwa mkavu, kama vile mvua haikunyesha kabisa.

Hapo nikasikia kikohozi. Nikaacha ufagio, nikaingia nyuma ya migomba.

Mzee Mafabi alikuja na jembe begani. Alisimama katikati ya shamba, akanigeuzia mgongo kama heshima inavyotaka. Kuku mmoja, jike la madoa, alikuwa pale akijaribu bahati yake kwenye udongo uliolowa.

"Wewe kuku," mzee akasema, "unachakura nini hapo?"

Kuku aliendelea.

"Nakuuliza wewe. Umechakura hapo, umechakura pale, umepata nini? Hujapata kitu. Hapo unapiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nyungunyungu wamehama. Jongoo wamehama. Hata mchwa, ambao hawana aibu, wamehama. Kwa nini wamehama? Kila siku wanaletewa chakula kutoka juu ya miti, na kila siku mtu anakuja anakizoa, anakipiga moto. Hata wewe ungehama."

Kuku akainua kichwa akamtazama. Labda hakuwahi kusemeshwa hivyo.

"Mwenye shamba hili," mzee akaendelea, na sauti ikashuka kidogo, "alifagia kule mbele, kwenye watu. Huku hakufagia hata siku moja. Alisema huku ana watumishi wake, na ukiwanyima chakula hawatakulimia. Wao ndio wanaotoboa ardhi maji yakaingia. Sasa nani atatoboa? Wewe, na kucha zako mbili?"

Ningeweza kunyamaza. Ndivyo nilivyozoea. Lakini niliona udongo wa marehemu ukiwa kijiani, na nikaona kwamba nikinyamaza hapa, nitanyamaza mpaka Mbale.

"Kuku," nikasema, na sauti ilitoka ndogo sana, "muulize baba. Kama mtu hakujua, afanye nini?"

Mzee hakugeuka. Alishusha jembe begani, nikadhani nimeharibu zaidi.

"Kuku," akasema mwishoni, "mwambie huyo anayeuliza kwamba hapa hakuna mtu aliyegombezwa. Namgombeza kuku wangu."

Kisha akaenda mpakani, chini ya mgavu, kwenye kona ambayo ufagio wangu ulikuwa haujafika kwa sababu ya miiba ya ua. Akachimba pigo moja, akaliweka bonge la udongo juu ya jani la mgomba. Akarudi katikati, chini ya mringaringa, akachimba pigo jingine, akaliweka kando ya lile la kwanza. "Mwenye macho atatazama," akamwambia kuku. Akaliacha jembe pale pale, akakohoa, akaondoka.

Nilitoka, nikapiga magoti mbele ya mabonge yale mawili. Lile la katikati lilikuwa na rangi ya tofali. Nililivunja kwa kuligonga na mpini wa jembe. Ndani kulikuwa na vumbi, na sisimizi mmoja aliyepotea. Lile la mpakani lilikuwa jeusi, na nilipoligusa lilijivunja lenyewe, punje punje, kama ugali wa mtama uliopoa. Lilinukia mvua. Nyungunyungu wawili walijikunja wakatafuta giza. Kulikuwa na jongoo mdogo, na jani lililooza nusu. Kutoka kwenye jani hilo hadi kwenye mzizi mwembamba wa mgavu zilipita nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa buibui. Baadaye bwana shamba alikuja senta akatueleza kwamba nyuzi zile ni kuvu, na kwamba zinasaidia mizizi kufikia maji na chakula kisichofikika. Siku ile sikujua jina lake. Niliona tu kwamba kuna kazi kubwa ilikuwa inafanyika pale, na mimi nilikuwa nimeichoma moto karibu na choo.

Bado nilikuwa nimepiga magoti Nambozo alipopanda kutoka chini, miguu imejaa tope.

"Afande, udongo wako umekuja kunisalimia asubuhi yote," akasema. "Niuzoe nikuletee, au ndiyo umenipa?"

Nikamuuliza, "Wifi, uliona ninachofanya?"

"Niliona."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakutafuta uongo. "Nilikuwa nangoja likushinde," akasema. "Ni shamba la mama yangu." Akatazama mabonge yale mawili, akatazama mizizi ya mibuni iliyo nje, na uso wake ukabadilika. "Lakini sikujua litaumia hivi."

Tulizoa udongo pamoja kwa beseni, siku mbili.

Tangu hapo nilianza kurudisha. Majani yaliyodondoka niliyaacha. Jalala la Nambozo alinigawia nusu, tukalitandaza. Magome ya migomba niliyalaza kwenye mteremko ili yazuie maji. Juma alipanda juu ya miringaringa akapunguza matawi, tukayakatakata tukayaacha pale pale chini yaoze. Nilikosea tena kidogo: nilirundika majani hadi kwenye shina la mbuni, shina likaanza kuoza, mpaka Nambozo akanionyesha niache nafasi ya kiganja. Na kila mwisho wa mwezi nilichimba pigo moja nikatazama. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Mwezi wa pili hakuna kitu. Wa tatu, mchwa. Nilishangilia mchwa, mwanangu, kitu ambacho mkulima hashangilii.

Mwaka ukatimia. Kahawa ilikuwa chache. Mibuni minne ya upande wa juu ilikuwa imekufa kabisa, na hata leo pale pana pengo. Nilijua neno la mzee, nikaanza kukunja nguo zangu ndani ya sanduku kabla hajaniita. Wapita njia wale wale walionisifu walisema sasa shamba limechafuka, limejaa majani, mke wa Juma amechoka.

Mzee alikuja na Juma na Nambozo. Mimi nilikaa nyuma ya migomba yangu. Nambozo akasema wazi, "Baba, kahawa hii hata gunia halijai."

"Nilisema tutatazama shamba," mzee akajibu. "Sikusema tutatazama kahawa."

Akachimba katikati, chini ya mringaringa, mahali pale pale. Bonge lilipogeuka, kabla hajainama, yule kuku wa madoa alipita katikati ya miguu yake, akadona nyungunyungu mnene, akakimbia naye hadi jikoni huku wenzake wakimfukuza.

Juma alicheka mpaka akashika mti. Mzee alisubiri amalize. Kisha akasema, "Kuku amejibu. Nambozo, mwambie mke wa kaka yako ashike shamba."

Nilimwona Nambozo kati ya majani, nikaona linamuuma. Alikuwa ametumwa apeleke maneno yanayomnyima kitu alichokitaka mwaka mzima, na angeweza kuyapunguza, au kuyapinda. Akageuka kwenye migomba akasema, "Wifi, baba anasema shika shamba." Aliyafikisha kama alivyopewa. Msimu uliofuata alipanda maharage yake kati ya mibuni yangu, na amepanda hapo kila mwaka mpaka juzi alipozeeka. Hakuniita Afande tena, ila siku akinikuta na ufagio.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika. Wewe ndiye uliyemwoa binti yangu, na mila inayomzuia baba mkwe ndiyo inayonizuia mimi kwako. Nilipokuja kwenu Nakaloke kumwona mtoto, ulijiondoa kwa heshima, nami nikajificha kwa heshima. Lakini kutoka dirishani nililiona shamba lenu. Umepanda miti vizuri, imesimama mistari. Chini yake ni peupe kama uwanja wa shule. Umepita na bomba la dawa ya kuua majani, na mabua na majani ya miti umeyachoma kwenye kona. Jirani yako alipita akakusifu kwa usafi, nilimsikia. Na kuku wako, mwanangu, walikuwa kwake.

Nilimweleza binti yangu. Akasema, "Mama, nitamwambia." Najua jinsi atakavyokuambia. Atakuambia mama anasema usijichoshe. Kwa hiyo nimechukua siku nne kuandika haya kwa mkono wangu, yafike kama yalivyo: unaliua shamba lako. Acha.

Fagia uwanja, maana uwanja ni wa watu. Shambani acha majani yalale yalipoangukia. Mti haujamaliza kazi unaposimama tu. Kazi yake nyingine ni kulisha walio chini, na ukiwanyang'anya chakula umebaki na kivuli peke yake. Usichome. Punguza matawi, uyalaze chini, ila shina la zao uliachie nafasi ya kiganja. Kila mwezi chimba pigo moja, uvunje bonge mkononi, unuse, utazame nani yumo. Usiwasikilize wapita njia, kwa sifa wala kwa lawama, kwa sababu wao wanaona juu tu. Utangoja. Mimi nilingoja miezi mitano kwa nyungunyungu mmoja, na kuku akamla. Na siku mzee akikutumia ujumbe, muulize aliyeuleta: alisema hivyo hivyo?

Mungu akupe mvua inayoingia ardhini. Akupe udongo mweusi unaojivunja wenyewe mkononi, na watoto watakaochimba hapo bila kutumia nguvu. Mkeo azeeke na wewe kwenye shamba hilo hilo. Na kuku wako washibe kwako, wasione sababu ya kuvuka kwenda kwa jirani.